Kamba za Viatu vya Nahodha

...na bado amepiga goti pale, Jabez, shemeji yangu, ananifunga kamba za viatu kama kila Jumamosi tangu mashine ya kufumia iliponila vidole viwili, na mimi nimekodolea macho dari ya chumba hiki cha juu ya baa, najiambia, mwambie, Enoch, mwambie sasa, kabla yule Mskoti, mchezaji mgeni wa kulipwa, hajapanda ngazi kuja kuvaa jezi ya Jabez, aliyoivaa Jabez miaka yote tukicheza bure, mvua inatupiga, timu ngeni haitokei, tunarudi tumelowa chepechepe huku tunacheka... leo hakuna cha kutotokea, leo ligi inaanza, ratiba imebandikwa hadi mlangoni mwa kiwanda, klabu inataka kushinda, basi... "Kaza mguu, bwana nahodha, au umeshaanza kutetemeka?" anasema, wenzetu wanacheka, na mimi nacheka, jamani, nacheka!... Jumamosi iliyopita wakubwa wa klabu waliniuliza, Mskoti anakuja, nani akae nje, wewe ndiye unayewajua, ningeweza kusema sijui, ningeweza kusema mimi, goti langu bovu, lakini nikamtaja yeye, upesi, kabla hawajanitaja mimi, na hiyo upesi ndiyo inayonitafuna... kesho yake nikala kwake, dada yangu Tabitha, mkewe, ananijazia viazi, kula, kaka, ukawafunge, na mimi mtu mzima na ndevu zangu nimeinamia sahani... ngazi zinalia, ni Mskoti, sema, "Jabez, shemeji, sikia..." "Tulia wewe, fundo litalegea." "Ile jezi..." "Najua," anasema, wala hainui kichwa, "tangu Jumapili, ulivyokula bila kunitazama. Tabitha akasema kaka ana homa. Nikamwambia hana homa huyo"... alijua, alijua alipopiga goti, na fundo bado ni lile lile letu wafumaji, halifunguki hata uwanja uwe tope tupu, angenitukana basi, angenizaba kofi mbele ya wote, kofi ningelimeza, hili halimezeki, nilidhani namwonea huruma, kumbe yeye ndiye anayenionea huruma mimi... mlango unafunguliwa, Mskoti anasalimu, "Haya, lete mguu wa pili," anasema Jabez, na mimi, Mungu nisamehe, naleta.