Udi wa Kumpokea Mnunuzi

Swafia alitaka nyumba yao ya mtaa wa Kuze imchukize mgeni anayekuja kuinunua. Basi. Wanunuzi wawili walikwisha kuja, wakanusa unyevu wa kuta, wakatazama boriti zilizoliwa na mchwa, wakaaga. Kakake Mahfudh, aliyehamia Nyali zamani, alichoka. Akamwambia dadake kwamba huyu wa tatu ndiye wa mwisho. Mnunuzi huyo akikataa, nyumba haiuzwi tena, na Swafia ataishi humo mpaka Mungu amchukue, kama alivyomchukua mama yao.

Kwa hivyo hakufagia. Madirisha yanayotazama bandari ya kale aliyafunga tangu jioni, joto likajaa ndani, harufu ya ukuta mbovu ikakolea. Sinia la chakula cha jana aliliacha juu ya busati. Alijiona mjanja, ingawa alipopita mbele ya kitanda cha marehemu aliinamisha macho.

Mahfudh akapiga simu kusema wameshateremka garini, wanakuja kwa miguu. Mnunuzi alikuwa Bi Firoza, mke wa mwenye duka la vyuma mjini. Swafia akachungulia. Bi Firoza hakuwa peke yake. Nyuma yake mama mkwe wake, mtu mzima sana, alijikongoja juani huku akishika kuta za watu, akisimama kila mara kuvuta pumzi.

Swafia hakukumbuka alivyoinuka. Alijikuta keshafungua madirisha, keshatoa sinia, yuapuliza makaa. Akatia udi kwenye chetezo cha mamake, akakizungusha kila chumba, hata nyuma ya milango. Mama hakupata kumwingiza mgeni katika nyumba isiyofukizwa, hata yule aliyekuja kugombana naye. Hodi ilipopigwa, kahawa ya tangawizi ilikuwa inachemka.

Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana hali za jamaa wasiowajua. Bi Firoza alizunguka, akagonga boriti, akanong'ona kuhusu mchwa. Mama mkwe alikuwa ameketi dirishani, kikombe mkononi, upepo wa bandari ukimpiga usoni. Akafumba macho, akavuta harufu.

"Boriti hubadilishwa," akasema. "Firoza, nyumba hii yanipokea. Mimi sitaki kuzungushwa tena."

Ikawa hivyo. Wakati wa kuaga, yule mama mkwe alimshika Swafia mikono, akamwambia asiharakishe kuhama, na hata akihama, siku yoyote akipita apige hodi, ataingia. Swafia akashukuru. Neno hilo la hodi alilirudia moyoni: hodi, kwenye mlango wao wenyewe.

Mahfudh alibaki ngazini akicheka.

"Nami nalijiita dalali! Umeiuza wewe, dadangu."

"Ningemwachaje mtu mzima aingie kwenye nyumba inayonuka?"

Kakake akaacha kucheka. Akatazama chetezo, ambacho moshi wake ulikuwa umebaki uzi mwembamba.

"Ungemwacha tu," akasema polepole. "Mara hii moja."

Swafia alikuwa akijiambia hayo hayo tangu yule bibi mzee alipofumba macho.

Jioni alifunga madirisha mapema, harufu isitoke. Nyumba ilinukia kama siku mama alipokuwa na wageni, Swafia akalala kwenye kitanda cha mamake, shuka la marehemu limemfunika mpaka puani. Alipoamka alfajiri udi ulikuwa umekwisha. Kuta zilinuka unyevu, vile alivyotaka zinuke jana.