Wageni Waondoke

Mama Gesti alikuwa na shemeji mmoja tu, mdogo wa marehemu mumewe, na kwa maoni yake huyo mmoja alikuwa amezidi. Shemeji mwenyewe alikuwa na bucha lililotazamana na nyumba ya wageni ambayo ndiyo iliyomlisha Mama Gesti tangu awe mjane. Mtaa mzima ulimwita Kipaza, maana hata msibani hajui kunong'ona.

Mwaka huo Kipaza akavumbua kwamba uchumi wa mkoa unaliwa na wageni. Alimaanisha wale vijana wa nchi jirani waliokuja kupasua mbao kiwandani, wakajaza vyumba vyote vya Mama Gesti, na kila jioni wakavuka barabara kununua nyama kwake. Aliwauzia mifupa kwa bei ya steki, akapokea hela kwa mikono miwili, kisha akageuka kuhubiri kwamba wanatunyonya. Hizo kazi walizoiba, wanawe wawili walizijaribu asubuhi moja, wakarudi mchana wakilalamika kwamba magogo ni mazito. Akili hiyo ungeiweka kwenye mizani yake ya bucha, mshale usingetikisika.

Basi akaandikisha bango: WAGENI WAONDOKE. Akatafuta mahali pa juu, akaliona ghorofa la shemeji yake. Mama Gesti akiwa sokoni, yeye akalining'iniza chini kabisa ya maandishi NYUMBA YA WAGENI.

Mama Gesti aliporudi alilichana, lakini maneno yalikwisha kufika kila kitanda. Hata wasafiri wa usiku mmoja walikuwa wamebeba mabegi yao. Wapasua mbao wakahamia mji wa pili, na mwenye kiwanda, kwa kukosa wa kushika msumeno, akawafuata na mashine zake. Vyumba vikabaki na mende, nao hawalipi.

Ndipo Mama Gesti akakodi lori, akaanza kupakia magodoro. Kipaza akavuka barabara, aproni yake haina hata tone la damu, akamweleza kwa kirefu kwamba biashara imeuliwa na serikali, tena yeye alishasema. Mama Gesti aliendelea kukaza kamba.

"Sasa shemeji, na wewe ukienda, mimi nitamuuzia nani?"

"Wauzie wenyeji."

Kipaza akajikuna shingo. "Na huko uendako, nyama utanunua wapi?"

"Bucha lipo," akasema Mama Gesti, akipanda mbele kwa dereva. "Mwenyewe mgeni."