Wageni Saba wa Tasnifu ya Salamat

Saa tatu asubuhi, siku Salamat alipotetea tasnifu yake kuhusu maji ya visima, watu saba waliobuniwa na akili mnemba iliyomsaidia kuiandika walifika idarani kwetu chuoni, hapa mjini Nukus. Kila mmoja alishika makala yake iliyotajwa kwenye marejeo. Bawabu aliandika majina yao, akawaambia wafute viatu. Kusema kweli, walikuwa nadhifu kuliko walimu wetu.

Mwalimu Gulparshin alikwishafika. Miaka thelathini na moja amepima chumvi ya visima vya vijijini, kwa baiskeli na chupa. Maabara yake ingefungwa jioni hiyo iwapo tasnifu hii isingetumia hata kipimo chake kimoja. Salamat, mwanafunzi wake, alikuwa ameahidi kuvitumia.

“Mwanangu, visima vyangu viko ukurasa wa ngapi?”

“Mashine haikukuona, mwalimu. Madaftari yako yameandikwa kwa mkono.”

“Na wewe je? Umekula kwangu miaka minne, hukuniona?”

Salamat alianza kupanga kurasa zake. Aibu anayo, ila shahada aliitaka zaidi.

Kwetu mgeni hukaa mbali na mlango, mwenyeji humimina chai. Basi wale saba wakapewa viti vya huko mbali, kikiwemo cha Gulparshin, naye akapewa birika. Alimimina nusu kikombe kwa kila mmoja, kama heshima inavyotaka, ili mgeni apate kuomba tena.

Profesa Orazbay, mwenyekiti wa jopo, akaita:

“Lindqvist, wa makala ya 2016?”

“Nipo.”

“Maji ya visima hivi yakoje?”

“Salama kabisa.”

Wenzake sita wakasema hivyohivyo, neno kwa neno.

“Chai hiyo nimeichemsha kwa maji hayohayo,” alisema Gulparshin. “Haya, kunyweni!”

Orazbay alionja, akakunja uso, akatema kwenye leso. Wageni walimaliza vikombe, wakaomba tena.

“Wao saba, mama, wewe mmoja,” alisema Orazbay akijifuta mdomo. “Unataka nifanyeje?”

Salamat alifaulu, akapigiwa makofi.

Jioni ikajulikana kwamba wageni hawana pa kufikia, na mgeni hafukuzwi. Wakapewa maabara iliyokuwa ifungwe jioni hiyo. Gulparshin aliwafungulia mlango, akawaonyesha swichi ya taa, akatoa madaftari yake nje. Kule vijijini wanawake walikuwa wakiteka maji ya kupikia kwenye visima hivyohivyo.