Chumba cha Vioo cha Gichuki

Gichuki alipojenga chumba cha vioo nyuma ya nyumba yao ya Manassas, huko ughaibuni, alimwambia mkewe Serah kwamba sasa ndipo wangeanza kuishi. Kumbe miaka yote ile walikuwa wakijibanza tu, kwenye vyumba vyenye kuta.

Kiangazi kikaja, chumba kikawa tanuri. Maua ya Serah yalinyauka, mishumaa ikainama, na kochi la ngozi likawa halikaliki kwa mtu aliyevaa kaptula. Serah aliomba mapazia. Gichuki akamweleza, kwa upole wa anayefundisha mtoto, kwamba hakununua vioo ili avifunike. Vidirisha vya paa navyo havikufunguliwa, kwa sababu ya nyuki. Badala yake alileta feni, ikawa inazungusha joto lile lile ili kila mtu apate fungu lake.

Julai mama yake Gichuki akaja kutoka Nyeri. Aliketishwa humo mchana wa jua kali, akapewa chai ya moto, mwanawe akimsimulia uzuri wa mwanga wa asili. Serah, ambaye kazi yake ni uuguzi, alimwona mama mkwe amenyamaza na macho yamemlegea. Hakumwomba mtu ruhusa. Alimwingiza ndani, akamlaza, akamwekea taulo baridi shingoni na kumnywesha maji kidogo kidogo.

Mama alipopata nafuu alimwita mwanawe.

"Gichuki, kile chumba mnakaushia nini?"

Jumamosi iliyofuata Gichuki alipanda ngazi, akafungua vidirisha vya paa na kutundika mapazia meupe upande wote wa jua. Nyuki hawakujitokeza.

Mama alikuwa bado yupo theluji ilipoanza. Chumba sasa kikawa friji, na Gichuki, kwa hekima aliyoivuna kiangazi, akashauri watu wavae makoti wafurahie mandhari. Serah hakubishana. Alinunua kapeti, mapazia mazito na hita, akaziba nyufa za mlango, na jioni akamkaribisha mama mkwe humo. Mama alivua viatu, akajinyoosha kwenye kochi, akalala usingizi mnono.

Wageni walipokuja kutoka mji wa Wheaton, Gichuki aliwafafanulia kwamba siri ya chumba cha vioo ni mapazia, jambo ambalo watu wengi hawalielewi.

"Na wewe uliligunduaje?" Serah akamuuliza.

Gichuki alimtazama mama yake, kisha kapeti, akasema chai inapoa.