Vipimo vya Bwera

Mzee Yonasani aliendesha pikapu yake kama mtu anayekimbiza mwizi. Kando yake, mimi nilikuwa na laptop mapajani, nikitazama mstari wa kijani wa mchoro nilioujua kuliko uso wangu.

"Nionyeshe tena," alisema tulipopita njia panda ya Katwe, tukielekea Bwera.

"Mzee, tazama barabara! Nimeshakwambia. Kila Ijumaa inakufa saa sita na nusu."

Iliyokuwa ikifa ni kompyuta ya ofisi yake ya kupitisha mizigo mpakani Bwera. Kila Ijumaa, siku ya soko, ilizimika ghafla, hati za malori zikapotea, wafanyabiashara wa Kongo wakahamia kwa jirani. Mzee alinipa kazi ya kujua sababu, nami nikapachika ndani yake programu ndogo ya kupima joto, diski, kumbukumbu na muda tangu iwashwe. Vipimo vilinifikia mfululizo. Yote niliyafanya kwa mtandao, nimeketi Kasese, bila kukanyaga Bwera. Nilijivunia hilo mpaka nikavimba.

Joto lilikuwa la kawaida na diski nzima. Mashine haikuugua, ilinyimwa umeme. Na saa sita na nusu ofisini huwa na mtu mmoja tu, karani Wahab. Saa saba huenda msikitini, Mzee mwenyewe akamshikia ofisi.

"Jirani anampa chochote," Mzee aliamua. "Leo analala kwao bila kazi."

Ilikuwa Jumanne, siku ya soko pia. Tulipofika ofisini, barazani watu walikaa juu ya magunia. Mzee hakusalimu hata mmoja.

"Wahab! Mwizi wewe! Unazima mashine yangu upeleke wateja kwa jirani. Leta ufunguo!"

Wahab alitoka mlangoni, shati limepigwa pasi, uso umekauka, akamkabidhi ufunguo. "Mzee, Ijumaa ikizimika mimi niko msikitini. Uliza imamu."

"Niulize imamu? Mashine imesema!"

Mama mmoja wa Kongo akacheka. "Ee! Mashine iko na mudomo sasa?"

Damu ikanichemka. Kazi yangu haichekwi. Nikampita Wahab, nikaketi kwenye kompyuta yenyewe, nikafungua mchoro ili wote waone.

Saa nzima ya mwisho kwenye mchoro ilikuwa tupu. Mashine inanguruma miguuni pangu, na mchoro unasema imekufa. Pengo hilo nililiona Kasese mara nyingi, nikalaumu mtandao wa Bwera. Sasa sikuwa na wa kumlaumu. Nikatazama saa kwenye pembe ya skrini, kisha saa ya simu yangu.

"Wahab, nani aliirudisha saa hii nyuma?"

"Mimi. Hiyo iko saa ya Kongo, bwana, iko nyuma saa moja. Wateja wote wanatoka Kasindi. Ukiwaambia saa nne ya Uganda, wanakuja saa tano. Hapa kila mutu anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe uliingia kwa waya kama panya."

Programu yangu iliamini saa ya mashine, nami nikaiamini programu. Saa sita na nusu ya mchoro ilikuwa saa saba na nusu ya Uganda. Nilipiga hesabu tena, nikitamani ikosee. Mzee alikuwa ameniahidi kazi ya mashine za ofisi yake ya Hima. Ningeweza kunyamaza, Wahab akaenda zake. Sikuumbwa hivyo.

"Mzee, inazimika saa saba na nusu. Saa hiyo aliyeko hapa ni wewe."

"Mimi? Mimi nakaa tu nachaji simu."

"Unachaji wapi?"

Akaonyesha soketi ya chini ya meza. "Hapo. Nachomoa hiyo waya nyeusi, halafu narudisha. Ni ya stebilaiza tu."

Nikaufuata waya kwa kidole mpaka kwenye sanduku la chuma sakafuni. "Hii siyo stebilaiza ya kutuliza umeme, Mzee. Hii ndiyo kompyuta. Hiyo juu ni skrini."

Barazani hakucheka mtu. Wote walisikia.

Mzee akamnyooshea Wahab ufunguo bila kumtazama. "Haya. Endelea na kazi."

Wahab hakuupokea. "Umeniita mwizi barazani, Mzee. Nisafishe barazani."

Mzee alinigeukia mimi kwa macho makali, nikajua Hima imeniponyoka. Nikayarudisha macho hayohayo. Akatoka barazani, akakohoa.

"Bandugu, huyu mutu hana kosa. Ni mimi nilichomoa."

"Sema kwa nguvu, Papa!" yule mama akapaza sauti. "Malori inanguruma!"

Mzee akarudia, kwa nguvu, mpaka walinzi wa kizuizi cha mpaka wakageuka. Wahab akatoka, akachukua ufunguo mkononi mwa Mzee, akarudi ndani, akaniondoa kitini kwa kiwiko, akaketi.

"Nani wa kwanza?" akauliza.