Cheti cha Nanga, Cheti cha Kasa

Gede alifukuzwa kazi akiwa bado na suti yake ya kuzamia, maji yanamchuruzika miguuni. Alikuwa amekataa kuingia na wanafunzi kwenye mlango wa bahari kati ya visiwa viwili, kwa sababu mkondo ulikuwa mkali. Darsono, mwenye duka la kuzamisha wageni, hakugombana naye. Alitoa simu, akabonyezabonyeza, akairudisha mfukoni.

"Haya, kapumzike. Jina lako si la duka hili tena."

Gede alikuwa mwalimu wa chama cha wazamiaji cha Nanga, na mwalimu wa Nanga hafundishi mpaka duka lishike jina lake. Papo hapo cheti chake kikawa karatasi ya kufungia karanga. Wanafunzi walibaki na mitungi ya hewa mgongoni, hawana mwalimu.

Darsono akamgeukia Raehanun. Yeye hakuwa mwalimu. Alikuwa kiongozi wa mbizi, mtu wa kuongozana na wageni ambao wameshajifunza.

"Dada, huko chini unakujua kuliko jikoni kwenu. Wapeleke."

Raehanun akawapeleka.

Mkondo ulimpokonya msichana mmoja kama upepo unavyopokonya leso. Raehanun alimkuta ameng'ang'ania jabali, macho yamemtoka ndani ya miwani, anavuta hewa kwa pupa na mtungi unakaribia kwisha. Alimshika mkono, akampandisha polepole. Walitoka wazima, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo kila akisujudu aliyaona yale macho.

Msichana alikaa pwani akilia. Darsono alimletea chai ya tangawizi na fulana ya duka ya bure, na mambo yakaishia hapo. Kisha akamwita Raehanun pembeni.

"Nahitaji mwalimu. Mafunzo ya Nanga nakulipia mimi, mtihani nakulipia mimi. Wewe ni kuweka sahihi tu. Duka gani lingine litakufanyia hivyo?"

Hakuna. Raehanun alijua hakuna. Maduka yote ya kisiwa kile yalikuwa na bendera ya Nanga mlangoni, na wageni walikuwa wanaiulizia kabla hata hawajashuka vizuri kwenye boti.

Na maji yalikuwa yamemfika shingoni. Baba wa mtoto wake Laeli alimwacha Raehanun akahamia kisiwa cha Sumbawa na mke mwingine, hata salamu haleti. Ujira wa kiongozi wa mbizi ulikuwa unaishia kwenye mchele. Mama yake, Inaq Sakyah, alishazungumza na dalali wa kupeleka wanawake kazi za ndani Malaysia, na dalali alisema atapita Jumamosi kuchukua pasipoti. Akiondoka, angemwacha Laeli hajang'oka meno ya utoto, na angerudi kumkuta mwali asiyemjua.

"Si umepewa ualimu?" mama yake alimuuliza wakila wali na mchicha wa pilipili. "Unangoja nini? Unataka malaika ashuke na kalamu?"

"Naogopa, mama."

"Unaogopa bahari leo?"

"Siogopi bahari. Najiogopa mimi. Gede alisema hapana. Mimi niliambiwa nenda, nikaenda. Nikiwa wa Nanga, bosi ananishika jina. Siku nyingine akiniambia nenda, nitakwenda tena."

Inaq Sakyah alinyanyuka akaenda kumpa majani ng'ombe aliyefungwa nyuma ya nyumba. Alikuwa anamnenepesha amchinje Idi kwa niaba ya mumewe, Mungu amrehemu. Marehemu alikuwa anazamia majongoo ya bahari, mpira wa hewa mdomoni, kwa tajiri mmoja wa Lombok, kisiwa kikubwa cha ng'ambo.

Kulikuwa na chama kingine, cha Kasa, na mwalimu wake wa walimu aliishi ng'ambo, pwani ya Lombok. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Manado, mji wa mbali kaskazini, wanamwita Mama Worang. Raehanun alimpigia simu amejificha nyuma ya mashine ya kujazia mitungi, ili kelele zake zimfiche sauti.

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Unasaga unga au unazamia?"

"Nauliza cheti cha Kasa, Mama. Kinashikwa na duka?"

"Hakishikwi na mtu. Ukifukuzwa, ni chako. Ukilala nacho chini ya mto, ni chako. Ila nisikudanganye. Chama chetu kidogo. Wageni wakiona ile picha ya kasa wanadhani tunakusanya mayai yake. Hapo kisiwani hakuna duka litakalokupa mlango. Wanafunzi utawatafuta mwenyewe gatini, kama muuza nazi."

"Na mafunzo?"

"Kunilipa utanilipa ukishapata wanafunzi, nami nitangoja. Ila uje na vifaa vyako. Vya kuazima sipokei, maana mwenye vifaa ndiye mwenye mtu."

Raehanun alikata simu, akakaa juu ya mtungi mtupu. Vifaa vyote alivyowahi kuvaa vilikuwa vya Darsono, mpaka mapezi ya miguuni. Usiku huo alimsimulia mama yake habari za Mama Worang, kisha akaswali rakaa za kuomba kuongozwa, akangoja moyo umwelekee upande. Moyo haukuelekea popote. Ulidunda tu.

Ijumaa asubuhi Darsono alipanda botini mwenyewe, ana karatasi za Nanga ndani ya mfuko wa plastiki. Wageni walikuwa wameshavaa. Walikuwa wanakwenda kwenye mlango uleule.

"Ukitoka majini unasaini, tunakula kuku," alisema akicheka. "Wa pilipili, si wa wageni."

"Nami nimo kwenye hao kuku?" nahodha aliuliza. Alikuwa mzee wa kabila la Wasasak, Amaq Rumasih, asiyepitwa na chakula.

"Wewe utakula mifupa."

Walipofika, Raehanun alitafuta boya la kufungia boti. Aliliona kwa shida. Mkondo ulikuwa umelivuta, nusu yake imezama, na kamba yake imekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Alimtazama nahodha. Nahodha aliacha kucheka, akaangalia miguu yake.

"Bosi, boya limezama," Raehanun alisema.

"Limezama nusu. Mkondo ni mdogo. Nenda, dada."

Mgeni mmoja alimwinulia kidole gumba, anatabasamu, hajui lolote. Raehanun aliona sahihi, aliona kuku, aliona Laeli amelala ubavuni kwake mwaka huu na mwaka ujao. Vyote vilikuwa ndani ya neno "ndiyo".

"Leo hapana," alisema.

"Umesemaje?"

"Siwapeleki. Na wewe usiwapeleke."

Darsono hakupandisha sauti. Aliutia ule mfuko wa plastiki ndani ya shati. "Kumbe wewe nawe ni Gede. Haya. Tukifika pwani vua vitu vyangu, acha na mapezi."

Raehanun alirudi nyumbani pekupeku, kanga ya kujifutia mabegani. Njia nzima alijilaumu. Angeweza kusema hapana kesho, akishasaini. Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Alipofika, dalali alikuwa ameketi barazani anakunywa kahawa. Kumbe aliamua kuja Ijumaa.

"Pasipoti, dada, boti isiniache," dalali alisema.

"Umesaini?" mama yake aliuliza.

"Sikusaini. Boya lilikuwa limezama, mama. Bosi ameniambia mkondo ni mdogo, nikakataa. Nimefukuzwa."

Inaq Sakyah alikuwa ameishika pasipoti ile. Akaitia ndani ya blauzi, kifuani.

"Baba yako naye waliniambia hivyo hivyo," alisema. "Mkondo ulikuwa mdogo. Waliniletea mpira wa hewa, yeye hawakumleta."

"Mama, hii safari imeshapangwa," dalali alisema.

"Kunywa kahawa yako uende zako. Tusameheane."

Dalali alipoondoka, mama alimuuliza bintiye, "Yule Mmanado anataka nini?"

"Vifaa. Viwe vyangu mwenyewe."

Inaq Sakyah alikwenda nyuma ya nyumba. Akakaa huko kitambo, na Raehanun alimsikia anazungumza na ng'ombe kwa sauti ndogo, au labda alikuwa anamwambia marehemu.

"Sikuweka nadhiri ya kumchinja," alisema aliporudi, macho mekundu. "Niliweka nia tu. Mungu anajua kilichonifanya niibadili. Mwite Amaq Rumasih, ana mtu anayenunua ng'ombe."

"Na nisipopata mwanafunzi hata mmoja?"

"Basi tutakuwa hatuna ng'ombe na hatuna mwanafunzi."

Laeli alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni. "Mama, huendi?"

"Siendi," Raehanun alisema. Akamvuta karibu, akamkumbatia, na hofu yake haikupungua hata kidogo.