Kibanda cha Ishirini

Watu wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, walishamzoea Dadi. Mwanzoni walicheka, tena bila kujificha, na nani angewalaumu? Mzee wa miaka sitini na sita, fundi mashine mstaafu aliyetunza mitambo ya kiwanda tangu ujana wake, anakaa barazani na karai la vitofali vya plastiki, vile vya watoto vya kupachikana, anajenga vibanda vya chakula. Angejenga nyumba au magari wangemwelewa. Yeye alijenga kibanda cha chipsi, cha mishkaki, cha miwa, cha mama wa vitumbua pale stendi, na kila kimoja kilienea kwenye viganja viwili.

Vitofali vya kwanza aliviacha mjukuu wake alipokuja likizo kutoka Dar, miaka minne iliyopita. Vingine vilitoka kwa Shadia, bintiye, aliyekuwa akivichambua kwenye mitumba na kuvituma kwa mfuko. "Baba za wenzangu wanaomba koti la baridi," Shadia alisema, "wangu anaomba vyekundu vidogo, nyanya zimemwishia."

Lakini nyanya zake zilikuwa nyanya kweli. Dadi hakuwa mtu wa kukisia. Kabla ya kujenga kibanda alikwenda kula hapo mara mbili, tatu, akahesabu mbao, akatazama jiko limekaa upande gani na moshi unapita wapi. Mkaa wake ulikuwa vitofali vyeusi vya mviringo, na katikati aliweka kimoja cha rangi ya chungwa kinachopitisha mwanga, jua la asubuhi likikipiga, jiko linawaka.

Asia, mkewe, alikuwa na kibanda chake kando ya barabara ya Bigwa, wali na ugali kwa maharage, miaka ishirini na sita. Alirudi jioni ananukia moshi, akavua viatu, akatazama rafu ya vibanda sebuleni. "Umewajengea wanawake wote wa mji huu," alimwambia. "Mie mkeo zamu yangu lini?"

"Chako cha mwisho," Dadi alimjibu. "Nikishaiva. Cha kwako sitaki kubahatisha."

"Haya. Usije ukaiva mie nimeshaungua."

Walicheka wote wawili, na maneno yakapita kama maneno mengine ya jioni. Masika ya mwaka jana Asia alilalamika kichwa siku ya Jumanne, na Alhamisi wakamzika. Presha. Mwezi uliofuata barabara ikapanuliwa, kibanda kikavunjwa, mbao zikaliwa na majiko ya watu.

Sasa hitima ya mwaka ilikuwa Jumapili, na Dadi alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo kibanda cha Asia kitakuwa mezani, kibanda cha ishirini, mbele ya ndugu na majirani. Ahadi kwa aliye hai unaweza kuisogeza mbele ukaomba radhi. Ya marehemu utaisogeza umwombe nani?

Nje hakukumpa shida. Kibanda kile alikijua kuliko kiganja chake: mabati mawili na nusu, mbao za buluu iliyopauka, pazia la mlangoni, na mbele benchi fupi lenye mguu uliotegeshwa kipande cha tofali. Hata ule ubao wenye tundu aliukumbuka. Tundu la upana wa vidole vitatu, usawa wa kiuno, ubao wa tatu kutoka kushoto. Lilimkera miaka yote. Mara mbili alikwenda na nyundo na kipande cha mbao alizibe, na mara mbili Asia alimfukuza: "Acha! Moshi utatokea wapi?" Moshi gani unatokea kiunoni? Lakini ukishindana na mwenye jiko utalala njaa. Kwa hiyo safari hii, kwenye vitofali, Dadi aliuziba ubao ule vizuri, akaridhika. Angalau huku alimaliza kazi aliyokatazwa.

Shida ilikuwa ndani. Miaka ishirini na sita Dadi alikula kwenye lile benchi, na hakuwahi hata siku moja kuvuka pazia. Asia hakutaka. "Jikoni kwangu si karakana," alisema, na mume mwenye adabu zake hakwenda kuchungulia vyungu vya mkewe mbele za watu. Ndani kwa Asia alikujua kwa mkono tu, mkono unaotoka na sahani. Na mkono ule ulikuwa na maajabu yake. Kabla Dadi hajaita, upawa wa pili wa maharage umeshafika. Siku aliyoamka na mawazo, sahani ililetwa na ndizi mbivu juu. Aliwatambia wenzake kwenye kahawa, "Mke wangu analijua tumbo langu bila hata kuniona," nao walimwonea wivu.

Alijaribu kubahatisha. Jiko kulia, akalitoa. Kushoto, akalitoa. Ijumaa baada ya swala alikaa na karai mapajani akakubali lile alilokuwa analikwepa wiki tatu. Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, Nasra, na Nasra alikuwa hasemi naye.

Nasra alifanya kazi na Asia ndani ya kile kibanda miaka kumi na tano kabla ya kufungua chake ng'ambo ya barabara. Zaidi ya hapo, ukoo wa Nasra na ukoo wa Asia walikuwa watani, utani wa tangu kwa mabibi zao huko milimani. Na kazi ya mtani msibani inajulikana. Siku ya kuanua matanga Nasra alijifunga kanga ya Asia, akatwaa mwiko wa Asia, akasimama katikati ya uwanja na kuanza kumwigiza marehemu: anavyosonga ugali, anavyofuta jasho kwa bega, anavyofokea wateja. "Wee mwenye kofia! Sahani yangu hiyo haina miguu, irudishe!" Ilikuwa sauti ya Asia hasa. Watu walicheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa.

Dadi hakuweza. Aliisikia sauti ile, akainuka, akampokonya Nasra mwiko na kumwambia atoke nyumbani kwake. Mtani hakasirikiwi, mtoto mdogo wa Uluguru anajua, na Dadi, mwana wa Bigwa hiihii, alimkasirikia mbele ya umati. Nasra akafungua kanga, akaikunja vizuri, akaiweka mkekani, akaondoka. Wazee wa kike wa ukoo wa Asia walimwambia Dadi, "Umemkatiza marehemu njiani." Tangu siku hiyo Dadi akawa anapita barabara ya nyuma ili asikione kibanda cha Nasra.

Jumamosi mchana akapita ya mbele, na mtetea kwapani. Kosa la kumkasirikia mtani hulipwa kwa kuku, na yeye alikuwa amechelewesha deni hilo mwaka mzima.

Nasra alikuwa anasugua sufuria. Akamtazama kuku, akamtazama Dadi.

"Kuku kakonda," alisema, "kama mwenye kuku."

"Shemeji, nimekuja..."

"Nimeona umekuja. Miguu unayo. Mwaka mzima nilidhani imekatika." Akampokea yule kuku, akamfunga kamba kwenye mguu wa meza. Wakawa wazee wawili wanaotazama kuku.

"Nilikukosea," alisema Dadi.

"Ulinikosea. Na Asia ulimkosea. Sema shida yako, maana kuku wako si wa salamu."

Akamweleza. Nasra hakucheka, akafuta mikono, akafunga kibanda saa nane mchana, wateja wakaguna.

Sebuleni kwa Dadi alisimama mbele ya rafu muda mrefu. Vibanda kumi na tisa. Alikiona chake, na ndani yake mwanamke mdogo wa plastiki mwenye kilemba chekundu.

"Ndiyo mie huyu? Mbona umeninyima makalio?"

"Hawatengenezi," Dadi alijitetea, na Nasra akacheka mpaka akashika ukuta. Dadi naye akacheka, kicheko kilichokuwa kimelala tangu masika ya mwaka jana.

Kisha Nasra akainama juu ya kibanda cha ishirini, paa likiwa limetolewa. Akatikisa kichwa. "Huku ndani umeweka stoo ya kiwanda. Asia hakupika hivi."

"Basi niambie. Jiko lilikaa wapi? Chumvi iliwekwa wapi?"

Nasra akafungua mdomo, akaufunga. Akanyoosha mkono hewani, akaurudisha. "Kusema siwezi. Kichwa hakijui. Mikono ndiyo inayojua." Akamtazama. "Mwiko uko wapi?"

Ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, palepale alipoutundika siku ile ya aibu. Kanga ilikuwa sandukuni, imekunjwa vilevile Nasra alivyoikunja. Dadi alivileta vyote viwili, akavitoa kwa mikono miwili kama anavyotoa mtu mwenye deni la heshima.

Nasra akajifunga. Akapiga hatua moja katikati ya sebule, na Asia akaingia.

Kwanza hakai. Asia hakai kitako kazini. Anageuka kushoto, anasonga, kwa hiyo jiko kubwa liko kushoto. Anarudi nyuma nusu hatua bila kutazama, anakoroga, kwa hiyo maharage yako nyuma, juu ya mafiga. Goti la kulia linasukuma kitu chini ya meza. "Gunia la mkaa," Nasra alisema kwa sauti isiyokuwa yake. Mkono unapanda juu, unarudi na chumvi. Kopo, limening'inia kwenye paa. Bega linafuta jasho. Dadi alikuwa amepiga magoti sakafuni na karai lake, anapachika na kubandua, jiko huku, mafiga kule, kopo juu, vidole vinakimbizana na yule mwanamke, na machozi yanamdondokea kwenye vitofali wala hana habari nayo.

"Wee mwenye kofia! Sahani yangu hiyo haina miguu, irudishe!"

Safari hii Dadi hakumkatiza. Alicheka na kulia, kama alivyotakiwa kufanya mwaka jana.

Nasra akachota upawa, akamimina, akapokea sahani, akafunika sufuria. Halafu akafanya jambo ambalo Dadi hakulielewa. Aliacha kila kitu, akasogea mbele, akainama na mkono mmoja kiunoni, jicho moja akalifumba. Akabaki hivyo. Kisha akatabasamu, akarudi nyuma, akachota upawa mwingine wa maharage.

"Hapo anafanya nini?" Dadi aliuliza.

"Anakutazama."

"Ananitazama wapi?"

"Kwenye tundu la ubao, si lilikuwa hapo mbele? Usawa wa benchi lako." Nasra alisema hivyo kama anavyosema mtu jambo linalojulikana na wote. "Ukila haraka, anasema, 'Ana njaa, mpelekee.' Ukichezea tonge, anasema, 'Leo ana neno,' anatafuta ndizi. Mie ndiye niliyekuwa nakuletea. Hukujua?"

Dadi alikuwa anauona ubao wa tatu kutoka kushoto, na nyundo yake, na Asia amesimama mbele ya mlango anamfukuza, moshi utatokea wapi. Miaka ishirini na sita. Aliwaambia watu kwamba anajulikana bila kuonwa, kumbe hakuna hata mlo mmoja aliokula pale bila kutazamwa.

"Sisi wasaidizi wake tulikuwa tunamcheka," Nasra aliendelea polepole. "Tunamwambia, mwanamke mtu mzima unamchungulia mumeo kama kigoli! Anasema, 'Nyumbani akinikuta namtazama atavimba kichwa. Niacheni nimtazame hapa.'"

Akafungua kanga. Hakuikunja, akamtupia Dadi begani afute uso. "Haya. Nimemaliza. Umenibebesha mzigo mwaka mzima, sasa na mie nikalale." Mlangoni akageuka. "Kesho kwenye hitima yule kuku nakuja naye, nitamla mwenyewe. Usimwekee mtu mwingine firigisi."

Alipoondoka, Dadi alikaa sakafuni na kibanda mapajani. Jua lilikuwa linaingilia dirishani kutoka upande wa mlima, na chini ya jiko la kushoto kile kitofali cha rangi ya chungwa kilikuwa kinawaka. Akautafuta ubao wa tatu. Vitofali alikuwa amevipachika kwa nguvu, kazi ya fundi, ikabidi atumie kucha, kisha ncha ya kisu. Kimoja kikatoka.

Akakitua kibanda sakafuni, akamweka mwanamke wa plastiki ndani, karibu na ukuta, na mzee wa plastiki mwenye kofia nje kwenye benchi, pale alipokuwa akikaa yeye. Akabandua ukuta wa nyuma, akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa sakafu, akafumba jicho moja, akachungulia kwenye tundu kutokea ndani. Mguu wa benchi ulionekana, na sahani, na nusu ya yule mzee.

Akapeleka mkono, akamsogeza kidogo kushoto, aonekane mzima.